Kadi ya Mwenzako

Niliogopa tangu siku ya kwanza kazini, na nilipostaafu nilikuwa bado naogopa. Nalisema mapema, asije mtu akasoma kurasa hizi akidhani anasimuliwa habari za shujaa. Nyinyi vijana wa chumba cha mashine mmeniomba niandike mambo ya zamani kabla sijayasahau. Vyeo nitaviruka, maana havikuwa vingi na havikunifundisha kitu. Nitaandika juu ya ufunguo, juu ya Papa Wilondja aliyenifundisha kuuchunga, na juu ya ile alasiri ya Rumonge ambayo wengi wenu mmeisikia nusunusu kwa watu wengine.

Kwanza kazi yenyewe, kwa sababu hata nyumbani kwangu walifikiri mimi ni karani wa redio. Miaka ya vita barabara ya kandokando ya ziwa haikuaminika. Ungeondoka Bujumbura asubuhi ukiwa na watu kumi na wanane ndani ya basi dogo, na Mungu peke yake ndiye aliyejua mtafika wangapi. Huduma yetu ya afya ikaamua kupeleka dawa kwa boti, kutoka Rumonge kwenda chini hadi Nyanza-Lac na Kabonga. Ziwani nako kulikuwa na hatari zake. Redio ya boti husikilizwa na kila mwenye redio: wavuvi, wafanyabiashara wa ng'ambo, na wale waliokuwa wamejificha kwenye michikichi juu ya mji. Ukisema hewani kwamba boti itatua mahali fulani, umewaalika.

Kwa hiyo maneno yalifumbwa. Kituoni tulikuwa na kompyuta iliyounganishwa na redio, na kila boti ilikuwa na mashine ndogo ya namna hiyo hiyo. Boti ikitaka kutua, ilituma jina la mahali likiwa limefumbwa, nasi tulilifumbua, tukaulizia hali ya mahali hapo, kisha tukatuma jibu lililofumbwa. Sheria ilikuwa moja na haikuwa na mjadala: bila jibu letu, boti haitui. Inabaki majini, na kukipambazuka inarudi ilikotoka.

Nilipofika kazini nilikuwa nimetoka shule ya ufundi, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili pale Rumonge, najua kutengeneza redio na kidogo kuandika programu. Papa Wilondja alikuwa mhandisi kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo. Alikimbia vita vya kwao akaja kwenye vya kwetu. Mwenyewe alisema ameruka majivu akakanyaga moto. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwimbaji wa kwaya ya kanisa, na alikuwa na ulimi mkali kuliko pilipili ya Fizi. Hakunisalimia. Alifungua kifuniko cha kompyuta akanionyesha kasha la chuma, ukubwa wa kipande cha sabuni ya mawese, limekaa kimya katikati ya nyaya.

"Ufunguo iko mule ndani," akasema. "Weye hautauona. Hata miye siyauona. Ule aliyeitengeneza naye hajauona."

"Sasa Papa, tutachungaje kitu ambacho hakuna aliyekiona?"

"Njo kazi yenyewe, mama," akajibu, kwa maana ya "ndiyo kazi". "Kama ungeuona, singekuhitaji weye, ningehitaji sanduku ya bati na kufuli."

Siri ya mtungi aijuaye ni kata, lakini kasha lile hata kata halikuwa nayo. Ufunguo ulizaliwa humo na ungefia humo. Ukilitikisa sana, ukilipasha moto, ukijaribu kulifungua kwa bisibisi, linajifuta lenyewe. Nilitoka jasho siku ile kwa kuligusa tu wakati wa kupangusa vumbi.

Kazi yetu haikuwa juu ya kasha bali juu ya kiini. Vijana mnajua kiini ni nini, ila wengine watakaosoma hawajui: ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, ile ambayo programu nyingine zote huiomba ruhusa. Programu ya redio haikuruhusiwa kuzungumza na kasha. Iliomba kiini, na kiini ndicho kilichokwenda kubisha hodi. Papa Wilondja ndiye aliyeandika sehemu hiyo ya kiini, naye aliiita shofere, yaani dereva, kwa sababu, alisema, kazi yake ni kubeba abiria bila kuuliza wana nini mfukoni.

Alichokibeba ni hiki. Mashine ikiwashwa, kasha lilitoa ufunguo wa ujumbe ukiwa umefungwa ndani ya kifurushi. Kiini kilishika kifurushi, si ufunguo. Kila ujumbe ulipokuja, kiini kilirudisha kifurushi pamoja na ujumbe ndani ya kasha, kasha likafungua humo humo gizani, likafumba au likafumbua, likarudisha maneno. Na kifurushi kiliishi maisha ya umeme tu. Umeme ukikatika, kasha linasahau namna lilivyokifunga, na kile kilichobaki mkononi mwa kiini ni takataka.

Mwaka wa kwanza nilijifunza kuogopa vitu visivyoonekana. Wakati fulani herufi za ujumbe uliofumbuliwa zilipita kwenye kumbukumbu ya mashine, na sisi tuliandika mstari wa kuzifuta mara tu zikishatumika. Siku moja Papa Wilondja alichungulia ndani ya kumbukumbu akazikuta zote zimelala pale, kama vyombo visivyooshwa. Tulihangaika wiki nzima. Kumbe ile programu ya kutafsiri maandishi yetu kuwa lugha ya mashine iliona tunafuta kitu ambacho hakitasomwa tena, ikaona ni kazi bure, ikauondoa mstari wetu bila kutuambia. Ilitaka kutusaidia. Tangu hapo namwogopa sana mtu anayenisaidia bila kuniambia.

Kesi ya pili ilikuwa ya mhandisi mmoja wa makao makuu, kijana mzuri, mwenye haraka. Aliona kwamba kifurushi kikifa, shofere wetu anarudisha kosa na ujumbe unakwama. Akaandika mabadiliko: kifurushi kikifa, kiini kisubiri hapo hapo mpaka mtu alete kadi. Tulijaribu. Mashine nzima iliganda, hata saa yake ikasimama. Ndani ya kiini kuna sehemu ambazo haziruhusiwi kusinzia. Ukisimama hapo kungoja mtu, umefunga mlango na kila aliye nyuma yako anangoja na wewe. Yule kijana akaja na shauri jingine: basi kifurushi kikifa, ujumbe uende bila kufumbwa, ili angalau ufike.

Sikuwahi kumwona Papa Wilondja amekasirika vile. "Angalau!" akasema. "Ile angalau yako iko na maiti ndani. Ikikufa, ikufe na makelele. Inyamaze hewani, ipige kelele hapa kwenye ekra," akagonga skrini kwa kidole. "Muntu wa boti akisikia kimya, anajua. Akisikia uongo, hajui kintu."

Mabadiliko yale hayakuingia. Nawaomba mkumbuke kikao hicho, kwa sababu ya yale yaliyofuata.

Kuhusu kadi. Mashine ikizimika kabisa, kasha halikukubali kutoa kifurushi kipya mpaka liingiziwe kadi mbili, moja baada ya nyingine, za watu wawili. Moja ilikuwa yangu, nyingine ya Papa Wilondja. Kadi haiachwi mezani, haipewi mtu, hailali mbali na mwenyewe. Mimi niliishona ndani ya pindo la kitenge. Yeye aliiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Ukiingiza ya kwanza, maneno yalitokea kwenye skrini, aliyoyaandika yeye mwenyewe ndani ya programu: *Kadi ya kwanza iko. Nangojea ya mwenzako.*

"Papa," nikamwambia, "Waswahili wa Buyenzi kule Bujumbura watatucheka. Ni 'ipo', si 'iko'."

"Batacheka, lakini bataelewa. Mashini niliiandika miye, itasema kama miye."

Nusu yako peke yake haikuwa na thamani ya ndagala mmoja, yule dagaa wa ziwa letu. Ndiyo ilikuwa maana yake: hakuna mtu mmoja wa kupigwa akatoa kila kitu. Tulielezwa hivyo kama faraja, na mimi nilikwenda nyumbani nikafikiria hilo neno, wa kupigwa.

Nyumbani nilikuwa na Saidi, mume wangu, baba wa Rehema, naye alikuwa nahodha wa boti yetu kubwa. Watu walisema tuna bahati kufanya kazi mahali pamoja. Ninawaambia hakuna adhabu kama ile. Wanawake wengine wa mtaani waliogopa bila kujua; mimi nilijua kila boti iko wapi. Asubuhi za safari nilimpa chai, sikula, na sikumwambia kitu, kwa sababu kwetu mtu akisafiri majini haambiwi maneno ya hofu. Naye alijua sijala. Alikuwa akiniachia nusu ya andazi kwenye sahani, kisha anaondoka.

Sasa nifike kwenye alasiri yenyewe.

Papa Wilondja alikuwa amekwenda Kabezi, kwenye barabara ya Bujumbura, siku mbili kabla, kusimamisha antena ya kituo cha huko iliyoangushwa na upepo. Kadi yake aliondoka nayo, kama sheria inavyosema. Saidi aliondoka asubuhi na boti, na ndani yake wauguzi wawili, utingo, na makasha ya dawa za kwenda Kabonga. Umeme wa mji haukuwapo kwa wiki kadhaa. Mashine ilikuwa ikiishi kwa batri kubwa tulizozichaji kwa jenereta. Mchana ulikuwa mkali, harufu ya mawese imejaa mji, na milimani kulikuwa kimya. Kimya cha mlimani hatukukipenda. Siku zilizosikika risasi angalau tulijua waliko.

Mashine ilitoa mlio. Kwenye skrini: ujumbe mmoja kutoka kwenye boti, umefumbwa. Nilikuwa nimenyoosha mkono kuufungua nikasikia mlango wa uani ukigonga ukuta.

Waliingia wanane au zaidi. Sitasema walikuwa wa upande gani. Wengine wa upande ule leo ni majirani zangu, na wengine wa upande wa pili pia. Mlinzi wetu, mzee wa watu, alikuwa amelazwa chini uani, mikono kichwani. Kiongozi wao alikuwa mtu wa makamo, sauti ya chini, na aliingia kwa adabu kama mgeni wa harusini.

"Amahoro, Mama."

"Amahoro, Komanda." Sauti ilitoka, sijui kutoka wapi.

"Njo weye unachunga ufunguo ya hizi mesaje za redio?"

"Njo miye."

"Leta."

"Komanda, iko ndani ya mashini. Haitokake."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mtoto akidanganya kuhusu sukari. "Mama, kila ufunguo iko na muntu. Hakuna ufunguo bila muntu. Andika hapa numero yake." Akachana ukurasa wa kalenda ukutani, akauweka mbele yangu, na mmoja wao akaniwekea mdomo wa bunduki nyuma ya sikio. Ulikuwa na moto wa jua.

Nilijikojolea kidogo. Naandika kama ilivyokuwa. Na jambo lililonitia hofu kuliko bunduki ni kwamba nilikuwa nasema kweli. Mwongo ana kitu cha kutoa mwisho wa yote akapona. Mimi sikuwa nacho. Wangeweza kunipiga mpaka kesho, wangenikata vidole, na zile namba zisingetoka kwa sababu hazikuwahi kuingia. Nilimwapia kwa Mungu, nikamwapia kwa mwanangu. Akawa anatikisa kichwa polepole.

Wakati wote huo ule ujumbe ulikuwa kwenye skrini, mita moja kutoka usoni pake, na mashine iko hai. Kifurushi kilikuwa hai. Kitu walichokitaka hakikuhitaji namba wala ufunguo, kilihitaji kidole. Ningebonyeza, na kasha lingefumbua, na jina la mahali ambapo Saidi alitaka kutua lingesomeka kwa kila mwenye macho. Hilo ndilo nataka mlijue nyinyi mnaoandika viini siku hizi na kujisifu kwamba ufunguo hautoki. Hautoki, ni kweli. Lakini unatumika, na hauulizi ni nani ameketi kitini. Niliomba wasijue. Niliomba mpaka meno yakaniuma.

Miongoni mwao alikuwamo mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa ameinama anasoma skrini, na nilimwona midomo ikimtembea. Akanyanyuka.

"Komanda, tunapoteza wakati. Nilisoma informatike ya kompyuta kidogo. Ufunguo haitusaidie. Ile mesaje iko hapa kwenye ekra. Mama akandamize tu, mashini yenyewe itatusomea."

Komanda akageuka polepole kuitazama skrini, kisha kunitazama mimi. Alikuwa ameelewa.

"Mama. Kandamiza."

Mkono wangu ulikwenda kwenye meza. Siwezi kuwaambia ungefanya nini, kwa sababu sijui. Nimejiuliza miaka yote hii nikiwa napika, nikiwa msikitini, na sijui. Nilikuwa na mtoto wa miaka minne nyumbani na bunduki sikioni, na mume majini. Msinipe sifa ambayo sikuipata.

Kwa sababu wakati mwenye miwani anatoa elimu yake, wenzake wawili walikuwa chini ya meza. Walikuwa wameziona batri. Vita vile vyote vilitafuta batri. Redio zao wenyewe zilikuwa zimekufa kwa kukosa umeme. Nilimsikia mmoja akisema kwa furaha, "Hizi ni kali, sha, ona uzito wake," kisha mlio mdogo wa koleo kwenye waya. Skrini ikazimika.

Mwenye miwani akapiga kelele ya Kirundi ambayo siiandiki. Komanda aliinama chini ya meza akawatazama vijana wake wawili, kila mmoja amekumbatia batri kama mtoto mchanga, na kwa muda nilifikiri atawapiga risasi wao. "Rudisheni," akasema. Wakarudisha, wakaunga waya upya. Mashine ikawaka upya. Ikajipima, ikaandika mistari yake, kisha ikaomba kadi.

Walinipekua wakaipata kwenye pindo. Mwenye miwani aliiingiza mwenyewe. *Kadi ya kwanza iko. Nangojea ya mwenzako.*

Komanda alisoma kwa sauti, akielewa kila neno. Papa Wilondja alikuwa amesema kweli kuhusu Kiswahili chake. "Mwenzako ni nani?"

"Ni Papa mumoja. Mukongomani."

"Iko wapi?"

Nilimwona Papa Wilondja juu ya ngazi kule Kabezi, amefunga antena kwa waya, anaimba. Mwendo wa basi dogo tu. Nikasema, "Aliisha kurudi kwao Uvira, Komanda. Ile siku ingine. Alivuka na kadi yake."

Sijawahi kusema uongo uliokaa vizuri mdomoni kama ule. Alitembea hadi dirishani akaitazama milima ya Kongo ng'ambo ya maji, ya bluu, haishikiki. Akacheka kidogo. Akachomoa kadi yangu, akaitupa mezani, akawaambia vijana wachukue batri zao basi. Walichukua batri, redio, mafuta ya jenereta, na sufuria ya maharage ya mlinzi. Mashine waliiacha, mmoja alikuwa ameibeba hadi uani akaambiwa aitue, haina faida. Mlangoni Komanda akaniaga kwa kunishukuru: "Murakoze, Mama."

Nikakaa sakafuni. Hapo ndipo hofu ya kweli ilipoanza, maana kabla ya hapo sikuwa na nafasi. Boti iliuliza, na sikujibu, na sikuwa na cha kujibia. Sikujua hata iliuliza mahali gani. Kilichobaki ni sheria ya Papa Wilondja: kimya ni jibu. Nilikwenda ufukweni kwenye bandari nikakaa juu ya rundo la nyavu na kutazama kusini, na kila nilipofumba macho nilimwona Saidi akisema, ah, redio yao mbovu tena, twende tu. Alikuwa mtu wa kusema twende tu.

Wavuvi waliniletea maji. Jua likazama, wakanipeleka nyumbani kwa nguvu, na nikalala na Rehema kifuani bila kulala.

Boti ilirudi kulipopambazuka, injini yake ikikohoa. Nilisikia kikohozi kabla sijaiona. Saidi alishuka akiwa ameloa hadi kiunoni, akanishika mabega mbele za watu, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Mulinyamaza," akasema.

"Tulinyamaza."

"Na siye tukanyamaza." Kisha akanieleza: injini ilianza kusumbua, akaomba kutua kijiji kidogo kusini tu ya mji, chini ya michikichi. Akanitajia jina. Ni mahali ambapo wale watu wangefika kwa miguu kabla jua halijazama. Utingo alimsihi watue, na yeye mwenyewe alitaka. "Lakini yule muzee wako alinifundisha vibaya," akasema. "Alisema kimya ikikuja, usiitafutie sababu."

Nilicheka, nikalia, nikamwambia lazima tumwambie Papa Wilondja maneno hayo kwa mdomo wetu, atajisifu mwaka mzima.

Hatukujua kwamba alikuwa ameshaondoka Kabezi. Mwendeshaji wa redio wa huko alinisimulia baadaye. Kila alasiri vituo vilisalimiana kwa ujumbe uliofumbwa, na siku ile Rumonge haikuitika. Papa Wilondja alikuwa amekaa hapo anakula samaki wa mukeke wa kuchoma. Aliangalia skrini, akangoja kidogo, akaita tena mwenyewe. Kisha akanawa mikono.

"Ile mashini imekufa," akasema. "Na Mama Rehema iko na kadi moja tu."

Watu wa kituo wakamwambia barabara haifai jioni ile, angoje kesho. Akawaambia boti iko majini. Wakamwambia basi ampe dereva kadi aipeleke. Aliyenisimulia alisema uso wake ulionyesha kwamba ameulizwa swali la kipumbavu. Alichukua kofia na kitabu chake cha nyimbo akapanda basi la mwisho.

Basi lilisimamishwa kabla ya Minago. Ni watu wale wale au wengine, sijui. Abiria waliingizwa kwenye michikichi. Baadhi walirudi baada ya siku kadhaa, kwa miguu, na niliwatembelea wote kuwauliza. Mama mmoja alikumbuka mtu mrefu Mkongomani. Alisema walimpekua wakakuta kadi ndani ya kitabu, wakamuuliza ni ya nini, naye akasema, "Ni nusu ya kintu." Wakafikiri anawadhihaki. Zaidi ya hapo hakuona, au hakutaka kuniambia. Hakuna kaburi. Familia yake Uvira ilingoja, na mimi ndiye niliyekwenda kuwaambia waache kungoja, nami mwenyewe sikuacha.

Kwa kuwa kadi moja ilipotea, makao makuu yaliamuru kasha la Rumonge lifutwe na ufunguo mpya uzaliwe kwenye kasha jingine. Nililifuta mwenyewe. Kwa ujumbe ule niliokuwa nimenyoosha mkono kuufungua, huo ndio ulikuwa mwisho. Hakuna atakayeusoma tena. Kadi yangu hawakuniulizia, nami sikuirudisha.

Vita vikaisha polepole, kama mvua inavyoisha, huwezi kusema tone la mwisho lilikuwa lipi. Niliendelea na kazi. Niliandika viini vingine, kwa mashine bora, kwa makasha madogo kuliko ukucha. Mnayajua hayo, mliniona. Mlinicheka pia, kwa sababu kila mlipoleta kazi yenu niliuliza swali moja: kifurushi kikifa, ni nani atakayelazimika kutembea? Mlidhani ni uzee. Katika kazi zangu nyingine zote nilihakikisha kadi ya pili iko umbali wa kuitana kwa sauti, au zipo tatu na zinatosha mbili. Papa Wilondja alifikiria kila kitu kuhusu ufunguo, na alifikiria kila kitu kuhusu mimi na bunduki sikioni. Hakujifikiria yeye barabarani. Saidi yuko hai kwa sababu ya mtu huyo, anasoma kila ninachoandika, na kila Jumapili anasimama nje ya kanisa lao la Rumonge kusikiliza kwaya, yeye Mwislamu mzima.

Siku yangu ya mwisho kazini, Diane, aliyepewa kazi yangu, alinijia na mkasi. Kanuni ni yenu na ni nzuri: anayestaafu anatoa kadi zote, zinakatwa mbele yake. Nikazitoa. Ya mwisho ilikuwa ile, imepauka, ina alama ya uzi wa kitenge. Diane ni mtu wa Gitega, hajui habari zetu za ziwa. Akaigeuzageuza. Hakuiona kwenye orodha yake, na hakati kitu asichokijua. Ndiyo maana nimemwachia kiti. Akakumbuka ile kompyuta ya zamani ya Rumonge iliyoko stoo. Tukaipangusa, tukaiwasha. Kasha lake nilikuwa nimelifuta, lakini shofere alikuwa palepale. Akaingiza kadi.

*Kadi ya kwanza iko. Nangojea ya mwenzako.*

"Sasa Mama, hii ya pili iko na nani?" Diane akauliza, mkasi mkononi.

"Iko na Papa Wilondja."

"Basi tumupigie simu, ailete tuzikate zote mbili."

Nilimwambia aweke mkasi chini, tungoje kidogo. Akavuta kiti akakaa kando yangu, tukaitazama ile mashine ikingoja.